Unabonyeza 2 mara mbili upate "b", kwa nini ukurasa unakupa "aa"?

Maombi ya ajira, usajili wa mitihani, taarifa za mikopo, hata namba ya foleni ya huduma fulani, siku hizi unaambiwa "ingia mtandaoni ujaze fomu". Na simu za vitufe nazo hazijaondoka madukani. Tanzania tunaziita vitochi au viswaswadu, Kenya ni kabambe au mulika mwizi. Baadhi ya zinazouzwa sasa zina 4G na kivinjari ndani yake, kwa hiyo muuzaji akisema "hii ina intaneti" anasema kweli.

Shida huanza mtu anapofungua fomu. SMS anaandika bila wasiwasi, lakini akifika kwenye kisanduku cha jina, herufi zinajirudia, nyingine hazitokei kabisa, namba inakuwa herufi, na akijaribu kufuta anajikuta ametolewa nje ya ukurasa. Hapo kila aliye karibu anatoa sababu yake. Mtandao uko chini. Vitufe vimechoka. Simu haina uwezo. T9 ndiyo inaharibu. Nyingi ya sababu hizo si kweli, na chache ni nusu ya ukweli.

Naliona jambo hili kuwa zito kwa sababu ya kinachofuata. Aliyeshindwa kujaza fomu kwenye simu yake anakwenda steshenari. Kijana wa pale anamwambia, "Mama, hiyo simu haiwezi, nitajie tu nikujazie." Mama anataja jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na mwisho nywila, tena kwa sauti, watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu. Kisanduku kilichotengenezwa vibaya kimemfanya atoe siri zake kwa mtu asiyemjua, na amelipia.

Tuanze na maneno. Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za intaneti, kama Opera Mini au ile iliyokuja na simu. Kisanduku ni ile nafasi ya kuandikia ndani ya ukurasa. Na kuna sehemu ya tatu ambayo watu hawaioni: programu ndogo ndani ya simu inayogeuza mibonyezo ya vitufe kuwa herufi. Katika makala haya nitaiita kiandishi. Kiandishi si kivinjari wala si ukurasa. Kinakaa katikati, kati ya kidole chako na kisanduku.

Simu ya vitufe ina vitufe 12 tu vya kuandikia, na herufi 26 zimegawanywa kwenye vitufe vinane. 2 ina a, b, c. 7 ina p, q, r, s. 9 ina w, x, y, z. Mgawanyo huo ni kiwango cha kimataifa cha ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, ndiyo maana simu ya kampuni yoyote ukiishika unaikuta vilevile. Ukitaka b, unabonyeza 2 mara mbili haraka.

Andika neno "habari". H ni 4 mara mbili, a ni 2 mara moja, b ni 2 mara mbili, a tena ni 2 mara moja, r ni 7 mara tatu, i ni 4 mara tatu. Hiyo ni mibonyezo 12 kwa herufi sita. Na katikati pale, a, b na a zote zinatoka kitufe kimoja, kwa hiyo lazima usubiri kidogo baada ya a ya kwanza, kisha usubiri tena baada ya b, ili kiandishi kijue umemaliza herufi moja na unaanza nyingine. Muda huo wa kusubiri ni kama sekunde moja hivi.

Angalia kioo kwa makini unapobonyeza 2 mara ya kwanza. Inatokea a, lakini kwenye simu nyingi inakuwa na mstari chini yake au kivuli. Ile a bado haijawa a. Iko njiani. Ukibonyeza tena itakuwa b, ukibonyeza tena itakuwa c, ukiacha itatulia. Herufi kwenye simu ya vitufe haiingii kwa mpigo mmoja kama kwenye kompyuta. Inajengwa hatua kwa hatua, na mpaka hatua ya mwisho inaweza kubadilika.

SMS inalijua hilo, kwa sababu programu ya SMS na kiandishi vimetengenezwa pamoja. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# nayo haina shida, kwa sababu haigusi chochote mpaka umalize kuandika na ubonyeze Tuma. Ndipo maandishi yote yanaondoka kwa pamoja. Kurasa za intaneti za zamani zilifanya hivyohivyo: ulijaza, ulituma, seva, yaani kompyuta ya mwenye tovuti, ikakagua.

Kurasa za leo hazisubiri. Zina skripti za JavaScript, yaani programu ndogo ndani ya ukurasa, zinazosikiliza kila mguso. Ukiandika jina, skripti inageuza herufi kuwa kubwa. Ukiandika kiasi cha fedha, inaweka mkato kila baada ya tarakimu tatu. Ukitafuta bidhaa, inaleta mapendekezo kabla hujamaliza neno. Ili kufanya hayo, skripti inachukua kilichomo kwenye kisanduku, inakirekebisha, na kukirudisha kikiwa kipya. Kwa anayetumia kompyuta hakuna ubaya, kwani kila herufi imeshakamilika ilipoingia.

Kwa simu ya vitufe, skripti imeichukua ile a iliyokuwa njiani, imeifanya A, na kuirudisha. Kiandishi kinatafuta herufi yake kiibadilishe kuwa b, hakiikuti. Kilichopo ni kitu kipya ambacho hakikukiweka chenyewe. Basi kinahesabu kuwa ile imeisha, na mbonyezo wako wa pili unaanza herufi mpya. Unapata "AA". Ni kama muuza duka ambaye ukitamka tu "nipe sabuni ya..." ameshakata kipande cha mche na kukiweka mezani, na ukimalizia "ya unga" anakuletea bidhaa ya pili na kukudai zote mbili. Ulisema vizuri. Hakukungoja umalize.

Hiyo ndiyo asili ya malalamiko mengi kuhusu kuandika kwenye kivinjari cha simu ya vitufe, na inajitokeza kwa sura nyingi. Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, zimegawanywa kwa vistari: nane za tarehe ya kuzaliwa, kisha tano, tano na mbili. Mtengenezaji wa fomu akikitangaza kisanduku kuwa cha maandishi ya kawaida, kiandishi kinaamini unataka herufi. Unabonyeza 1 inakuja nukta, unabonyeza 9 inakuja w. Unagundua, unabadili kwenda 123, unaanza upya. Ukifika tarakimu ya nane, skripti inajiwekea kistari, lakini kile kimstari kinachomweta kinabaki nyuma ya kistari badala ya kuruka mbele yake. Tarakimu ya tisa inaingia pasipo pake, skripti inapanga upya, namba yote inavurugika. Unaamua kufuta: kila ukifuta kistari, skripti inakirudisha, na huwezi kukivuka. Mtu anaweza kukaa hapo akizunguka na kistari kimoja mpaka chaji inaisha.

Fomu nyingine inafanya kinyume, inataka kistari ukiweke mwenyewe. Kwenye Nokia nyingi za zamani, ukiwa kwenye kisanduku cha namba, kitufe cha nyota kinatoa *, +, p na w. Kistari hakimo. Kwa nini seva isipokee tarakimu 20 zikiwa na vistari au bila vistari, na kuvipanga yenyewe? Ni kazi ndogo sana ya programu.

Kuna sura nyingine iliyofichika zaidi. Kila kitufe cha kompyuta kina namba ya utambulisho ambayo kivinjari huupa ukurasa: tarakimu 0 hadi 9 ni 48 hadi 57, herufi A hadi Z ni 65 hadi 90. Lakini kiandishi kikiwa bado kinajenga herufi, vivinjari vingi hutoa namba moja tu kwa kila kitufe, 229, maana yake "kuna kitu kimebonyezwa, bado nakishughulikia". Sasa skripti iliyoandikwa kukataa chochote kisicho kati ya 48 na 57 inapokea 229 na kutupa kila unachobonyeza. Kisanduku kinabaki cheupe. Hapo ndipo watu husema vitufe vimekufa. Hata simu za kugusa za Android ziliwahi kuwasumbua watengenezaji kwa namba hiyohiyo 229, ila kwa kuwa zina watumiaji wengi wenye sauti, kurasa zilirekebishwa.

Wala si tatizo ambalo dunia haikulifikiria. Wajapani, Wachina na Wakorea huandika kwa herufi zinazojengwa hatua kwa hatua hata kwenye kompyuta, na kwa ajili yao viwango vya W3C, chombo kinachopanga kanuni za kurasa za intaneti, viliweka taarifa tatu: kivinjari kinauambia ukurasa kwamba herufi imeanza kujengwa, inaendelea, imekamilika. Skripti ikingoja hiyo ya tatu kabla ya kugusa kisanduku, simu ya vitufe nayo ina nafuu kubwa. Na nyuma zaidi, enzi za WAP, intaneti ya mwanzo ya simu, mwishoni mwa miaka ya 1990, lugha ya kurasa za simu iitwayo WML ilikuwa na kipengele cha kutangaza muundo wa kisanduku: mtengenezaji akiandika NNNN, simu inajua hapa zinakuja tarakimu nne na inajigeuza yenyewe kuwa 123. Kurasa zilipohamia kwenye HTML ya kompyuta, jambo hilo zuri likapotea. Limerudi kwa jina la inputmode, Chrome ikalipokea mwaka 2018 na simu za iPhone mwaka 2019, lakini ukipita kwenye fomu nyingi utaona halijaandikwa.

Sasa turudi kwenye zile sababu za mtaani.

Mtandao: kwa kawaida hauhusiki. Kuandika kunafanyika ndani ya simu, na ukurasa ukishafunguka unaweza kuandika jina lako lote bila kutumia hata chembe ya bando. Mtandao unaingia pale tu ukurasa unapouliza seva kila herufi, kama kwenye visanduku vya kutafuta.

Vitufe vibovu: jipime kwa SMS. Ukiandika ujumbe wa mistari miwili na herufi zote zikatoka sawasawa, vitufe ni vizima. Usikubali kulipia kubadilishiwa vitufe wala kuflashi simu kwa tatizo linalotokea kwenye ukurasa mmoja tu.

Simu haina uwezo: hapa kuna nusu ya ukweli. Simu za KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla na ulioenea kupitia JioPhone ya India ya mwaka 2017, Nokia 8110 4G ya mwaka 2018 na hapa Tanzania Smart Kitochi, zinaweza kufanya kazi na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 256. Ukurasa mzito wenye picha na matangazo unaichosha, na herufi inachelewa kuonekana. Unabonyeza 2, huoni kitu, unadhani haikukubali, unabonyeza tena. Kumbe ya kwanza ilishaingia, na ikija kuonekana ni b badala ya a. Lakini simu hiyohiyo ukiipa ukurasa mwepesi inaandika vizuri. Uzito ni uamuzi wa aliyetengeneza ukurasa, na kwa kuwa WhatsApp imeshaacha kufanya kazi kwenye KaiOS, mwenye simu hizi hana mahali pengine pa kwenda zaidi ya kivinjari.

T9: huu ni mfumo wa kubahatisha neno uliobuniwa miaka ya 1990 na kampuni ya Tegic ya Seattle, Marekani. Unabonyeza kila kitufe mara moja, simu inatafuta kwenye kamusi neno linalolingana. Shida yake inajulikana: 5252 ni "kaka" na pia ni "lala", 2424 ni "bibi" na pia ni "chai", na 6262 inaweza kuwa "mama" au "naoa". Kamusi ikiwa ya Kiingereza, majina yetu ndiyo yanaumia zaidi. Kwa hiyo ni kweli T9 inavuruga jina na anwani, na ni vyema kuizima kabla ya kujaza fomu. Lakini haihusiki na kisanduku kinachorudia herufi wala kinachobaki cheupe.

Kufuta na kurudi ni habari nyingine. Kwenye simu nyingi za vitufe, kazi hizo mbili zinakaa kwenye kitufe kimoja: kisanduku kikiwa na maandishi kinafuta, kikiwa kitupu kinarudi nyuma. Ukibonyeza mara moja zaidi ya ilivyohitajika, ukurasa umefungwa na fomu yote imepotea. Google waliliona jambo hilohilo kwenye kompyuta, na mwaka 2016 wakaondoa uwezo wa kitufe cha kufuta kurudisha ukurasa nyuma katika Chrome, kwa sababu watu walikuwa wanapoteza fomu. Wa vitochi hawajapata huruma hiyo. Futa polepole zikibaki herufi mbili tatu, au acha herufi moja, andika sahihi mbele yake, kisha irudie uifute.

Nywila ndiyo sehemu inayotesa kuliko zote. Kuandika kwa vitufe kunategemea macho: unaona a, unaona b, unasimama. Kisanduku cha nywila kinaficha kila herufi kwa nyota, mara nyingi kabla hujajua imetulia wapi. Juu yake fomu inadai herufi kubwa, tarakimu na alama, kila moja ikihitaji kubadili hali kwa kitufe cha # au kupekua orodha ya alama. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, wa mwaka 2017 ulishashauri mifumo isiwalazimishe watu kuchanganya aina za herufi, kwani urefu ndio wenye faida zaidi, na pia imruhusu mtu kuona anachoandika. Nywila ndefu ya maneno manne ya Kiswahili, herufi ndogo tupu, ni rahisi kuandika kwa vitufe na ni ngumu kubahatisha. Fomu nyingi zetu bado zinaikataa.

Kisha inakuja namba ya uthibitisho kwa SMS. Ukurasa unakupa visanduku sita, kila kimoja tarakimu moja, na skripti inaruka kwenda kinachofuata mara tu kitu kinapoingia. Kama hali ni ya herufi, unabonyeza 2 inaingia a, umeshahamishwa, huna nafasi ya kurekebisha. Na SMS yenyewe ipo kwenye simu hiyohiyo: ukitoka kwenda kuisoma, simu yenye RAM ndogo inaweza kukifunga kivinjari, na ukirudi ukurasa unaanza upya huku ile namba imeshapitwa na wakati. Isome inapojitokeza juu ya kioo, au iandike kwenye kiganja uwe umeshajiandaa.

Kwa anayejaza fomu leo, kuna mambo yanayosaidia. Angalia pembe ya juu ya kioo, utaona abc, Abc, ABC au 123; kitufe cha # hubadilisha kwenye simu nyingi. Ukiwa kwenye abc na unataka tarakimu moja tu, shikilia kitufe mpaka itokee. Herufi mbili zikifuatana kutoka kitufe kimoja, usihesabu sekunde. Bonyeza mshale wa kulia, kwenye simu nyingi herufi inatulia papo hapo. Kama ukibonyeza 2 ukurasa unapanda juu badala ya kuandika, hujaingia kwenye kisanduku: Opera Mini hutumia 2, 8, 4 na 6 kusogeza ukurasa, kwa hiyo bonyeza kwanza kitufe cha katikati.

Na kisanduku kikiendelea kukupa "aa", jaribu kivinjari kingine. Opera Mini ya simu za Java, zile za vitufe zinazopokea programu za Java, inastahili kujaribiwa hapa, kwa sababu skripti za ukurasa haziendeshwi ndani ya simu bali kwenye seva za Opera, na kwa kawaida kisanduku kinafunguka kwenye kioo chake peke yake, kikitumia kiandishi cha simu kama unaandika SMS. Skripti haipati nafasi ya kudandia herufi iliyo njiani. Upande wa pili, fomu ambayo kitufe chake cha Tuma hakiamki mpaka skripti ikague kila herufi unayoandika inaweza kukugomea. Na jambo moja la usalama: kwa kuwa ukurasa unapitia seva za Opera kabla ya kukufikia, usimbaji, yaani kuficha data zisisomwe njiani, hauendi moja kwa moja kutoka simu yako hadi kwenye tovuti. Kwa maombi ya kazi au matokeo ya mtihani sioni tatizo. Kwa akaunti ya benki, tumia kivinjari kilichokuja na simu, au menyu ya nyota na reli ya benki yako kama ipo.